Kuunganisha monita ya nje na laptopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu mwenye laptopu moja na kazi nyingi: mhasibu anayehama kati ya Excel na barua pepe siku nzima, mwanafunzi anayeandika tasnifu huku anasoma PDF, mtafsiri, mhariri wa video, mwalimu anayesahihisha kazi mtandaoni. Kwa kazi za namna hiyo kioo cha pili ni msaada mkubwa sana. Na nikuambie mapema: matatizo mengi ya monita hayatoki kwenye laptopu wala kwenye monita yenyewe. Yako kwenye waya au adapta iliyo katikati.

Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Anza na laptopu yako. Igeuze pande zote uone ina matundu gani. La HDMI ni bapa, na pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. La DisplayPort linakaribia kufanana nalo, ila limekatwa pembe moja tu. Lenye safu tatu za vitundu 15 na sehemu za skrubu pembeni, mara nyingi la buluu, ni VGA. USB-C ni dogo, mbavu zake ni za mviringo, na waya wake unaingia hata ukiupindua.

Piga picha matundu hayo kwa simu, kisha nenda nayo dukani. Huko fanya vivyo hivyo kwa monita. Uwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, muuzaji akikuambia "hii inaingia mashine yoyote", mwombe aigeuze uone mgongo wake mwenyewe. Monita nyingi huuzwa na waya mmoja tu ndani ya boksi, na mara nyingi huo si ule unaokufaa.

Kama nina chaguo, nitumie waya upi?

Kama laptopu na monita zote zina USB-C inayopitisha picha, tumia hiyo. Waya mmoja utapeleka picha na sauti, na monita nyingi za aina hii huchaji laptopu kwa waya huohuo. Ikikosekana, DisplayPort. Halafu HDMI. VGA iwe ya mwisho.

HDMI inatosha watu wengi kabisa. Kwa monita ya kawaida ya 1920×1080 (idadi ya pikseli, yaani nukta za picha, kwa upana na kimo), waya wowote mzima wa HDMI utafanya kazi, na hakuna sababu ya kununua ule wa bei kubwa wenye kichwa cha rangi ya dhahabu. Tofauti inaanza kuonekana kwenye 4K (3840×2160). HDMI 1.4, iliyotoka 2009, hupeleka 4K kwa hezi 30 tu, yaani picha inachorwa upya mara 30 kwa sekunde. Utaona mshale wa kipanya unajivuta kama umechoka. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, inafika hezi 60, na hapo mwendo unakuwa laini. Lakini laptopu, waya, adapta na monita vyote vinne lazima viimudu kasi hiyo. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote vinashuka hadi kiwango chake.

DisplayPort ina jambo moja la kuzingatia. Waya zake nyingi zina kitufe kidogo juu ya kichwa na kulabu mbili zinazong'ata ndani ya tundu. Bonyeza kitufe hicho kwanza ndipo uchomoe. Ukivuta kwa nguvu bila kubonyeza, kinachong'oka ni tundu la monita.

VGA bado inafaa?

Inafaa, kwa maana ya kwamba picha itaonekana. Ni teknolojia ya IBM ya mwaka 1987, haibebi sauti, na maandishi yake huwa na ukungu kidogo. Kwa projekta ya shule au monita ya akiba, sawa. Kwa kusoma namba kwa muda wa saa nane kila siku, macho yako yanastahili kitu bora.

Ukiona kioo kizima kimekuwa cha manjano, maana yake rangi ya buluu haifiki. Kikiwa cha zambarau, kijani haifiki. Chomoa waya utazame pini: mara nyingi utakuta moja imepinda, nawe unaweza kuinyoosha taratibu kwa kibano. Usishtuke ukikuta pini moja ya safu ya kati haipo kabisa. Waya nyingi hutengenezwa bila pini ya tisa.

Laptopu yangu ina USB-C lakini monita haionyeshi kitu. Tatizo nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. USB-C ni umbo la tundu tu. Halikuhakikishii kilicho ndani yake. Kuna laptopu ambazo USB-C yake inachaji na kuhamisha mafaili basi, picha haitoki. Angalia alama pembeni ya tundu: alama ya radi yenye mshale ni Thunderbolt, na hiyo inatoa picha. Alama ya herufi D yenye P ndani yake ni DisplayPort, nayo inatoa picha. Kama hakuna alama, tafuta jina kamili la modeli chini ya laptopu, kisha soma sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Usikisie.

Kama tundu liko sawa, geukia waya. Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu kwa kawaida una njia za umeme na za data ya kasi ndogo tu. Njia za picha hazimo. Kwa macho zinafanana kabisa, ndiyo maana mtu anaweza kuilaumu monita wiki nzima. Omba waya ulioandikwa kwamba unabeba video, au wa Thunderbolt.

Na hapo kwenye kuchaji: soma monita inatoa wati ngapi. Nyingi hutoa 65 au 90. Laptopu ya ofisi itaridhika na 65. Laptopu ya michezo au ya kuhariri video yenye kadi kubwa ya michoro bado itahitaji chaja yake.

Nimenunua adapta ya HDMI na DisplayPort, vichwa vinaingia vizuri, ila hakuna picha. Kwa nini?

Kwa sababu adapta nyingi zina mwelekeo. Ile ya bei ndogo ni ya kutoa picha kwenye laptopu yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI. Ukiigeuza, yaani laptopu ni HDMI na monita ni DisplayPort, haifanyi kazi. Safari hiyo inahitaji adapta yenye chipu ya kubadilisha mawimbi, na nyingi zina mkia wa USB wa kuvutia umeme.

VGA ni hivyohivyo. Kutoka HDMI ya laptopu kwenda VGA ya monita kuna adapta yake. Kutoka VGA ya laptopu ya zamani kwenda HDMI ya monita mpya kuna nyingine kabisa. Dukani usiseme "nataka adapta ya HDMI na VGA". Sema: "Laptopu yangu inatoa HDMI, monita inapokea VGA." Sentensi hiyo inakuokolea nauli ya kurudi.

Kioo kinaandika "No Signal". Nifanye nini?

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza, bonyeza vitufe vya monita utafute "Input" au "Source", uchague tundu ulilochomeka kweli. Monita yenye HDMI mbili inaweza kuwa inasubiri picha kwenye ile nyingine.

Pili, chomoa waya pande zote mbili na uchomeke tena hadi mwisho. Kifuniko cha plastiki cha simu huwa kinasumbua chaja kuingia. Kwenye laptopu pia kuna makasha magumu yanayozuia kichwa cha HDMI kufika ndani. Ivue kasha ujaribu.

Tatu, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Duplicate". Huenda laptopu imewekwa itumie kioo chake peke yake.

Nne, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitapepesa na huenda ukasikia mlio mfupi. Hapo draiva ya michoro (programu inayoendesha picha ya kioo) imewashwa upya bila kufunga kazi zako.

Tano, chomoa waya wa umeme wa monita ukutani, subiri dakika moja, rudisha. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Ikishindikana, badilisha waya. Azima wa jirani au wa king'amuzi cha TV, ambao karibu kila mara ni HDMI. Kama monita inawaka na king'amuzi lakini si na laptopu, sasa unajua utafute upande gani.

"Duplicate" na "Extend" zina tofauti gani?

"Duplicate" inaonyesha kitu kilekile kwenye vioo vyote viwili. Inafaa darasani au kwenye kikao. "Extend" inaunganisha vioo viwili kuwa meza moja pana, na hiyo ndiyo sababu ya kununua monita. Kwenye Mac nenda "System Settings", kisha "Displays". Ubuntu nako kuna "Displays" kwenye mipangilio, na chaguo linaitwa "Join".

Ukishachagua "Extend", wengi hukwama hapa: kipanya kinagonga ukingo wa kioo kama kimekuta ukuta, kisha kinapita upande usioutarajia. Kompyuta haijui monita umeiweka kushoto au kulia kwako. Fungua mipangilio ya "Display", utaona mistatili miwili yenye namba 1 na 2. Iburute ikae kama vioo vilivyokaa mezani, pamoja na urefu. Kama monita iko juu zaidi ya laptopu, pandisha mstatili wake kidogo. Dakika moja ya kazi hii itakuondolea kero ya kila siku.

Njia ya mkato ya kuizoea: Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto huhamisha dirisha zima kwenda kioo kingine.

Baada ya kuunganisha, sauti imepotea. Spika zimekufa?

Hapana. HDMI, DisplayPort na USB-C hubeba sauti, kwa hiyo laptopu imeipeleka kwenye monita, na monita nyingi za ofisi hazina spika. Bofya alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa, rudisha kwenye spika za laptopu.

Maandishi ni madogo mno, au yana ukungu.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Ukungu mara nyingi unatokana na kutumia idadi ya pikseli isiyo ya asili ya kioo. Kwenye "Display resolution" chagua ile yenye neno "Recommended". Udogo unatibiwa na "Scale": jaribu 125% au 150%. Usipunguze pikseli ili maandishi yakue. Utapata maandishi makubwa yenye ukungu.

Ukubwa wa kioo nao una neno lake. Inchi 24 kwa 1920×1080 inakaa vizuri. Inchi 27 kwa pikseli hizohizo inaanza kuonyesha chembechembe kwenye herufi, kwa sababu pikseli zilezile zimetandazwa eneo kubwa zaidi. Ukitaka inchi 27, tafuta 2560×1440 au 4K.

Naweza kutumia TV?

Unaweza, ila jua unachopata. TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu ni 1366×768, pikseli chache kuliko monita ya inchi 22 ya ofisini. Ukikaa karibu nayo kusoma, utachoka. Kama TV ni "Full HD" au 4K, badilisha jina la tundu liwe "PC" kwenye menyu yake, na utafute mpangilio wa picha unaoitwa "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1" ili kingo za picha zisikatwe. Washa pia "Game Mode", la sivyo kipanya kitafuata mkono wako kwa kuchelewa.

Monita ya mtumba inafaa? Niikague vipi?

Inafaa sana, na kwa bajeti ya kawaida ndiyo ninayoipendekeza: inchi 22 au 24, 1920×1080, iliyotoka ofisini Ulaya, zile ambazo Nairobi huitwa "ex-UK". Zilitengenezwa ziwake kutwa, na nyingi zina DisplayPort.

Nenda na laptopu yako na waya wako. Usikubali kuonyeshwa monita inayowaka na nembo ya kampuni tu. Hiyo haithibitishi kwamba matundu yanapokea picha. Iunganishe, kisha fungua picha nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine, zijaze kioo kizima. Kwenye nyeupe utaona madoa meusi na sehemu zilizogeuka njano. Kwenye nyeusi utaona pikseli zinazowaka zenyewe na mwanga unaovuja pembeni. Iache iwake robo saa. Taa ya nyuma iliyochoka inaweza kuanza vizuri kisha ikapepesa ikishapata joto.

Bonyeza kila kitufe. Jaribu kila tundu.

Monita nyingi za mtumba hufika bila mguu. Hilo lisikukimbize, mradi mgongoni kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100. Huo ni mpangilio wa VESA, na mkono wowote wa mezani au wa ukutani wa kipimo hicho utashika, kwa skrubu za M4. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukutengenezea mguu wa chuma kwa kipimo hicho.

Na umeme je?

Soma kibandiko mgongoni. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, haijalishi monita imetoka Marekani au Uingereza. Unahitaji plagi tu. Ikiandikwa 110 au 120V peke yake, usiichomeke ukutani kwetu, itaungua.

Plagi ya Ulaya yenye miguu miwili ya duara isilazimishwe kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Najua karibu kila nyumba inafanya hivyo. Kile kipini cha juu ndicho cha ethi, na ethi ikikosekana utaanza kuhisi mtekenyo wa umeme kwenye mwili wa chuma wa laptopu kila ukigusa. Waya wa umeme wa monita nyingi ni uleule wa kompyuta ya mezani, unapatikana kila duka la vifaa. Nunua wenye plagi ya miguu mitatu.

Matumizi ni madogo. Monita ya LED ya inchi 24 hula kama wati 25. Ikiwaka saa 8, hiyo ni uniti 0.2 kwa siku. Kinachopaswa kukuhangaisha ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Weka kinga ya umeme, na kama unaweza, UPS ndogo, yaani betri ya akiba. Bila UPS, umeme ukikatika laptopu itaendelea na betri na madirisha yote yatarudi kwenye kioo chake, kwa hiyo kazi haipotei. Anayeishi na mgao wa mara kwa mara afikirie monita ndogo ya kubebeka ya inchi 15 inayokula umeme wa laptopu kupitia USB-C.

Nataka kufunga laptopu na kutumia monita peke yake.

Kwenye Windows fungua "Control Panel", "Power Options", kisha "Choose what closing the lid does". Weka "Do nothing", lakini kwenye safu ya "Plugged in" tu. Safu ya betri iache ilale. Ukizibadilisha zote mbili, siku moja utaifunga laptopu, uitie begani ikiwa hai, na itachemka humo njia nzima.

Mac itakubali kufungwa ikiwa iko kwenye chaji na ina kibodi na kipanya cha nje. Kwa walio Mombasa, Tanga na kwingineko kwenye joto: baadhi ya laptopu hupumulia sehemu ya bawaba na kibodi. Feni ikianza kulia, iache wazi kidogo.

Monita mbili zinawezekana?

Laptopu nyingi za Windows za miaka ya karibuni zinaendesha mbili. Wenye MacBook wawe waangalifu. MacBook Air yenye chipu ya M1 au M2 inakubali monita moja ya nje. Yenye M3 inakubali mbili, ikiwa imefungwa. Yenye M4 inakubali mbili hata ikiwa wazi. Kuna vituo vya kuchomekea (dock) vya DisplayLink vinavyovuka kikomo hicho kwa kutumia programu yake. Vinafaa kwa maandishi na hesabu, si kwa video nzito.

Bila waya kabisa?

Windows na K kwa pamoja itatafuta TV au kifaa kinachopokea Miracast. Mac hutumia AirPlay. Ni nzuri kwa kuonyesha filamu au slaidi. Kwa kazi ya kuandika, kuchelewa kwake kunaudhi.

Niiweke wapi mezani?

Umbali wa urefu wa mkono, ukingo wa juu usawa wa macho au chini yake kidogo. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya monita wala nyuma yako. Monita nyingi hutoka dukani zikiwa na mwanga mkali mno. Ushushe hadi karatasi nyeupe kwenye kioo ifanane na karatasi halisi iliyo pembeni yake. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Nisafishe na nini?

Kitambaa laini cha miwani na maji kidogo, ukilowesha kitambaa, si kioo. Zima kwanza, maana vumbi huonekana vizuri kioo kikiwa cheusi. Spiriti na dawa za kusafishia madirisha zinaweza kuharibu utando wa kuzuia mng'ao, na ukishatoka haurudi.